Roboti, Wazee na Deni la Kujuliana Hali

Katika nchi tajiri ambazo watu wake wamezeeka, hususan Japani, Korea Kusini, Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya, umekuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini mjadala kuhusu roboti wenza, yaani mashine zilizoundwa kwa ajili ya kukaa na mtu, kumwitikia, kumkumbusha dawa zake na kumpunguzia upweke, hasa mzee anayeishi peke yake au aliyepelekwa katika makao ya kulelea wazee. Wanaoziunga mkono husema kwamba mzee mwenye mashine ya kumwitikia ana nafuu kuliko mzee asiye na wa kumwitikia kabisa. Wanaozipinga husema kwamba jamii inayomkabidhi mzazi kwa mashine imemtupa, hata kama imemtupa kwa adabu. Mjadala huo umefanyika mbali na mwambao wa Afrika Mashariki, na mtu wa Mkwaja, katika Wilaya ya Pangani mkoani Tanga, anaweza kudhani kwamba haumhusu. Makala haya yanashikilia kinyume chake, kwamba hoja nzito kuliko zote katika mjadala huo huonekana wazi zaidi mtu anapoutazama kutoka kibarazani Mkwaja, kwa kuwa pale swali la msingi huwa moja tu: mashine inapoingizwa ndani kukaa na mzee, ni nani anayesamehewa wajibu wake?

Roboti ya aina hii iliyochunguzwa zaidi na wataalamu ni Paro, iliyobuniwa na mhandisi Takanori Shibata wa taasisi ya utafiti ya Japani iitwayo kwa kifupi AIST, ambaye alianza kazi hiyo mwaka 1993, akaiona mashine yake ikiingia sokoni mwaka 2005, na baadaye, mwaka 2009, ikatambuliwa nchini Marekani kuwa kifaa tiba. Paro ina umbo la mtoto wa sili, mnyama wa bahari za barafu ambaye mtoto wake huzaliwa na manyoya meupe, na Shibata alimchagua mnyama huyo makusudi, kwa sababu watu wengi hawajawahi kumshika sili wa kweli na kwa hiyo hawana cha kulinganishia, tofauti na paka au mbwa, ambao kila mtu anajua wanavyotembea na wanavyolia. Anayewekewa Paro mapajani huhisi kwanza uzito wake wa karibu kilo tatu, ambao ni uzito wa mtoto mchanga. Kisha vihisi vilivyofichwa chini ya manyoya, yaani vifaa vidogo vinavyotambua mguso, mwanga, sauti, joto na mkao, huiwezesha kugeuza kichwa kumwelekea anayeiita, kufumba macho inapopapaswa na kulalamika inapopigwa. Haisemi neno lolote, hulia tu kama kinda la mnyama, na umeme wake unapokwisha huchomekwa mdomoni waya wenye umbo la chuchu ya bandia wanayopewa watoto wachanga, jambo linaloonyesha jinsi wabunifu wake walivyofikiria kila kitu kinachoweza kuamsha moyo wa malezi kwa mtu aliyewahi kulea.

Je, inafaa? Mwaka 2017 watafiti walioongozwa na Wendy Moyle walichapisha matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika makao 28 ya wazee huko Queensland, Australia, likiwahusisha wazee 415 wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, yaani ule udhaifu wa ubongo unaozidi mwaka hadi mwaka hadi mtu akasahau majina ya watoto wake na njia ya kurudi nyumbani. Baadhi yao walipewa Paro inayofanya kazi, wengine walipewa Paro ileile iliyozimwa ikawa mwanasesere wa kawaida, na wengine waliendelea na huduma ya kila siku. Vipindi vilikuwa vya robo saa, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 10. Waliopewa Paro hai walizungumza nayo na kuitazama zaidi kuliko waliopewa iliyozimwa, lakini katika kutuliza fadhaa, ambalo ndilo jambo linalowatesa wagonjwa hao na wanaowatunza, mashine haikuonyesha ubora wa maana juu ya mwanasesere. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya faraja ilitoka katika kuwa na kitu laini cha kukumbatia na mtu wa kukileta, si katika ufundi uliogharimu maelfu ya dola.

Baada ya Paro zimekuja nyingine nyingi, ambazo zinatofautiana kwa sura kuliko kwa kusudi. Huko New York, ofisi ya jimbo inayoshughulikia wazee ilianza mwaka 2022 kugawa kwa wazee zaidi ya 800 kifaa kiitwacho ElliQ, ambacho hukaa mezani kama taa, husalimu, hupendekeza mazoezi na huuliza usingizi ulikuwaje. Nchini Korea Kusini serikali za mitaa zimegawa kwa wazee wanaoishi peke yao maelfu ya wanasesere waitwao Hyodol, wenye umbo la mtoto wa miaka kama saba, ambao humwita mzee babu au bibi, humkumbusha dawa, na wasipohisi mjongeo wowote ndani ya nyumba kwa muda fulani humtumia taarifa mtumishi wa ustawi wa jamii. Jambo hilo la mwisho linastahili kukumbukwa, kwa maana litarejewa.

Upande wa wapingaji, hoja iliyotawala kwa muda mrefu ni ile ya udanganyifu. Mwanafalsafa wa Australia Robert Sparrow aliandika mwaka 2002, wakati mbwa wa mashine wa kampuni ya Sony aitwaye Aibo alikuwa kitu kipya, kwamba mzee hawezi kupata faida ya kweli kutoka kwa mwenza wa aina hiyo mpaka kwanza aamini jambo la uongo, yaani kwamba kuna kiumbe kinachomjali, na kwamba furaha iliyojengwa juu ya uongo huo si wema anaotendewa bali ni dhuluma. Mwanazuoni wa Marekani Sherry Turkle, ambaye alianza akiwa mpenzi wa teknolojia hizi, alifika karibu na msimamo huo katika kitabu chake cha mwaka 2011, akisikitika kwamba mtu anayesimulia msiba wake humsimulia kitu kisichojua kifo ni nini. Wasiwasi wenyewe ulitangulia roboti: mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitunga programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA, ambayo haikuwa na akili yoyote isipokuwa kuyageuza maneno ya mtu kuwa swali la kumrudishia, na alishtuka kuona watu waliojua fika jinsi inavyofanya kazi wakianza kuitolea siri zao za moyoni. Programu za leo za akili unde, yaani kompyuta zilizofunzwa kwa maandishi mengi mno hata zikaweza kutunga majibu kama mtu, zimeifanya ELIZA ionekane kama mchezo wa watoto, na ndizo sasa zinazotiwa ndani ya wanasesere na taa za mezani.

Hoja ya udanganyifu ina uzito wake, hasa kwa mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu, ambaye hawezi kujua wala kukubali anachofanyiwa. Lakini kwa wazee wengine inawadharau. Mzee mwenye akili timamu anajua kwamba redio haimsikii, na bado huijibu inapotangaza habari, huibishia, huifuata katika dua na huizima kwa hasira. Kotekote mwambaoni redio imekuwa mwenza wa wazee tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, na hakuna aliyewahi kusema kwamba bibi aliyelala na redio kichwani amedanganywa. Tatizo la roboti mwenza haliko hasa katika anachokiamini mzee, bali katika wanachoanza kukiamini wanawe.

Ili jambo hilo lieleweke, yafaa kueleza jinsi mzee anavyoishi katika kijiji cha pwani kama Mkwaja. Kata hiyo iko kusini mwa Mto Pangani, mbele ya Bweni, Mwera na Kipumbwi, na inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambayo ilitangazwa rasmi mwaka 2005 ikiwa imemeza pia eneo la iliyokuwa ranchi kubwa ya ng'ombe ya Mkwaja. Watu wake huishi kwa uvuvi, minazi na mashamba madogo, wengi wao ni Waislamu, na lugha yao ni Kiswahili kinachochanganyikana na Kizigua na lugha nyingine za mrima, yaani ukanda huo wa pwani ya bara unaotazamana na Unguja na Pemba.

Katika kijiji cha namna hiyo mtoto aliyetumwa dukani hapiti mbele ya kibaraza cha mzee bila kumwamkia, na akipita kimya habari humfikia mama yake kabla yeye mwenyewe hajarudi. Wageni huliona jambo hilo kuwa adabu tu, na ni adabu kweli, lakini ndani yake mna kazi nyingine ambayo haisemwi kwa sababu kila mtu anaijua. Mzee asipoitikia marahaba, au mlango wake ukichelewa kufunguliwa kuliko ilivyo desturi, mpita njia hubisha hodi. Isipoitikiwa hodi ya tatu, huitwa jirani mtu mzima aingie ndani. Kazi ambayo Korea Kusini imemkabidhi mwanasesere mwenye vihisi hufanywa Mkwaja na watoto wanaokwenda kununua chumvi, mara nyingi kwa siku, bila umeme na bila malipo, na hufanywa kwa namna ambayo mzee haoni kwamba anachunguzwa, kwa kuwa anayepewa heshima ndiye yeye.

La pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni kwamba mzee wa pwani si mpokeaji tu wa huduma. Posa haipelekwi bila wazee, kwa sababu wao ndio wanaojua nasaba, nani ni ndugu wa kunyonya wa nani, na ni ugomvi gani wa zamani ulizikwa bila kumalizwa. Ubishi wa mpaka wa shamba au wa minazi iliyopandwa na marehemu huishia kwa mzee anayekumbuka aliyepanda. Mvuvi kijana anaweza kuwa na mashine mpya ya boti, lakini atamuuliza babu kuhusu mwamba usioonekana maji yanapojaa na dalili za kusi kuanza. Bibi aliyeketi mkekani akisuka ukili, yaani ule mshipi mrefu wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka au jamvi, vidole vyake vikienda bila kutazamwa, huwa wakati huohuo anamsikiliza mwali, anamkemea mjukuu na anaamua nani wa kwenda kumjulia hali mgonjwa wa nyumba ya tatu. Na juu ya yote hayo kuna radhi, ambayo mtoto huitafuta kwa mzazi kabla ya safari, kabla ya ndoa na kabla ya mauti, katika jamii ambayo dini yake, katika Sura ya Al-Israa, inamkataza mtoto hata kumgunia mzazi aliyefikia uzee. Mashine haiwezi kuhitaji radhi ya mtu, na kwa sababu hiyo haiwezi kumpa mzee kile ambacho kwake ndicho kilele cha umri wake, yaani kuwa mtu ambaye wengine hawawezi kuendelea bila yeye.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuisimulia Mkwaja kana kwamba upweke haujafika huko. Vijana wamekwenda Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Arabuni, na waliobaki wanakesha baharini. Mtoto aliye mbali hutuma hela kwa simu, akiwa mwema hutuma na ya kutolea, na mzee hulazimika kumtuma mjukuu kwa wakala akiwa amempa namba yake ya siri, ambayo kwa taratibu zote haipaswi kujulikana na mwingine. Kwenda hospitali ya wilaya mjini Pangani ni kuvuka mto, ambako kwa miaka mingi watu wamevuka kwa kivuko, na kabla ya kufika mtoni kuna bodaboda ambayo mgongo wa mtu wa miaka 80 hauiwezi. Wapo wajane ambao nyumba zao zimehamwa na kila mtu. Wapo pia, hata pwani, wazee ambao kijiji kimewachoka na kuanza kuwanong'onea uchawi. Tena wapo wengi ambao shida yao ni kinyume cha upweke: wamezungukwa na wajukuu walioachiwa na wazazi wao, na wanapika, wanafua na kulipia daftari za shule wakiwa katika umri ambao wao wenyewe wangepaswa kupikiwa.

Aidha, upweke wa mzee wa Mkwaja mara nyingi hauanzii katika kukosa watu. Huanzia katika masikio yasiyosikia na macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho, ule ukungu wa lenzi ya jicho ambao upasuaji mfupi huuondoa. Mzee asiyesikia huacha kwenda barazani kwa sababu amechoka kucheka mwisho wa maneno ambayo hakuyasikia, na asiyeona huacha bao na msikiti wa alfajiri. Vifaa vya kusaidia kusikia, miwani na lenzi bandia navyo ni teknolojia, na tofauti yake na roboti mwenza ni kwamba humrudisha mzee kwa watu badala ya kumpatia mbadala wao.

Kipo pia kielelezo cha kitaalamu kilichotoka jirani kabisa na Tanga. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waligundua kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wapatao asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kiwango kinachoonyesha kwamba ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao kama ilivyodhaniwa. Baadaye, katika wilaya hiyohiyo, walijaribu tiba ya kuchangamsha akili kwa njia ya vikundi, ambapo wagonjwa hukutana, huimba, hutaja vyakula, hushika vitu vya zamani, hucheza na kuzungumza chini ya uongozi wa mtu aliyefunzwa. Matokeo ya jaribio hilo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalihusu wazee 34 na vikao 14 katika wiki 7, na yalionyesha nafuu katika uwezo wa akili, katika hofu na katika tabia zinazowachosha watunzaji. Idadi ya washiriki ni ndogo na haifai kutiwa chumvi, lakini ni haki kusema kwamba dawa ya Hai ilikuwa watu kukaa pamoja, na kwamba jambo ambalo mashine ya Queensland haikulifanya, mazungumzo ya vijijini yalilifanya kwa gharama ya chai, vitu vya mkononi na nauli.

Hapo ndipo swali la nani anasamehewa linapojitokeza waziwazi. Mtafiti wa Uingereza James Wright, aliyekaa katika makao ya wazee ya Japani kuchunguza mashine hizo na kuchapisha kitabu mwaka 2023, aliona kwamba roboti hazikupunguza kazi za watunzaji bali ziliongeza nyingine: za kuziwasha, kuzisafisha, kuzisimamia na kuzirudisha kabatini, huku muda wa kuzungumza na wazee ukipungua. Walionufaika walikuwa wale waliohitaji kusema kwamba wamechukua hatua, kwa maana serikali inayokataa kuwalipa watunzaji mshahara wa haki, au kuwapokea wageni wa kufanya kazi hiyo, huweza kuonyesha mashine badala yake.

Wageni hao, aghalabu, ni Waafrika na Waasia. Mwezi Februari 2022 Uingereza ilifungua visa kwa watunzaji wa wazee kutoka ng'ambo, na Julai 2025 ikaufunga mlango huo kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Kenya nayo ilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi Uingereza mwaka 2021. Kwa watu wa mwambao, safari ya Arabuni ni ya kale zaidi, na leo huwachukua mabinti wanaokwenda kupika, kufua na kuwatunza wazee katika nyumba za Omani na Falme za Kiarabu. Shirika la Human Rights Watch lilipochapisha Novemba 2017 ripoti kuhusu Watanzania waliotendewa ukatili katika kazi hizo, wakinyang'anywa pasipoti na kufanyishwa kazi saa nyingi bila mapumziko, jina la ripoti lilikuwa la kufanya kazi kama roboti. Haiwezekani kuujadili kwa uaminifu ubinadamu wa mashine katika sebule za matajiri bila kukumbuka kwamba katika sebule hizohizo kuna binti wa Kitanzania aliyegeuzwa mashine, ambaye mama yake mzazi, huko kwao, hana wa kumchotea maji.

Roboti zenyewe zimekwisha kufika Afrika Mashariki, ingawa si kwa kazi ya uenza. Mei 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Rwanda ilipokea kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa roboti 5, zilizopewa majina ya Kinyarwanda ya Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri, zikapelekwa katika vituo vya matibabu, kikiwamo cha Kanyinya mjini Kigali, kupima joto la wagonjwa na kupunguza hatari kwa wauguzi. Zilitengenezwa na Zora Bots ya Ubelgiji, kampuni ambayo kabla ya hapo ilijulikana kwa kuuza roboti ndogo za kuwachangamsha wazee katika makao ya Ulaya. Njia kutoka wodi hadi sebule ya bibi ni fupi kuliko inavyodhaniwa, na siku itakapopitwa, maswali mawili yatakuwa yanasubiri.

Swali la kwanza ni la lugha. Mashine za kutambua sauti hufunzwa kwa rekodi, na rekodi nyingi za Kiswahili ni za Kiswahili sanifu kilichosomwa au kutangazwa. Mzee wa pwani ya Tanga, mwenye lafudhi ya Kimtang'ata, lahaja ambayo W. H. Whiteley aliiandikia uchunguzi mwaka 1956, na pengine asiye na meno ya mbele, atakuwa mtu wa mwisho kueleweka na mashine iliyoletwa kwa ajili yake. La pili ni la siri. Kifaa kinachomsikiliza mzee husikiliza nyumba nzima, pamoja na ugomvi wa urithi, maradhi ya binti na posa ambayo haijatangazwa, na kuyapeleka hayo kwenye kompyuta za kampuni iliyo nchi nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo utekelezaji wake ulianza Mei 2023 na ambayo inadai ridhaa ya mhusika. Namna ya kupata ridhaa hiyo kwa mtu aliyesahau jina lake, hakuna sheria ya nchi yoyote iliyoitatua vizuri.

Lipo pia suala la kampuni kufa. Sony iliacha kuwatengeneza Aibo wa zamani walioharibika mwaka 2014, na kuanzia mwaka uliofuata hekalu la Kofukuji katika mkoa wa Chiba lilianza kuwaombea dua za mazishi mbwa hao wa mashine, kwa sababu wamiliki wao walikuwa na huzuni ya kweli. Roboti nyingine ya nyumbani, Jibo wa Marekani, iliwaaga wenye nayo mwaka 2019 kampuni yake iliposhindwa na mitambo yake ya mbali kuzimwa. Anayempa mzee mwenza wa aina hii anampa pia msiba ambao tarehe yake itapangwa na wahasibu.

Hata hivyo kuna funzo moja ndani ya Paro ambalo wapingaji hawajalitendea haki. Mashine hiyo haifanyi kazi yoyote. Haileti maji, haikumbushi dawa, haina habari ya kutoa. Inachofanya ni kudai, kwa kuwa inalia ili ipapaswe, na wazee wengi huitikia dai hilo kwa sababu katika makao yao kila mtu huwatendea na hakuna anayewaomba kitu. Shibata, kwa ufundi wake, aligundua upya jambo ambalo kijiji cha pwani hakikuhitaji kuligundua: mzee hunyauka zaidi anapokosa mtu wa yeye kumtumikia kuliko anapokosa mtumishi. Kwa sababu hiyo Paro inaweza kuwa na mahali pake kwa mgonjwa wa kumbukumbu aliyekwisha kuwatoka watu, hata katika makazi ya serikali kama ya Mwanzange mjini Tanga, ambako hutunzwa wazee wasio na jamaa, ilimradi mtu aliyeileta akae naye na asiitumie kuwa ruhusa ya kuondoka.

Mahali pengine hesabu inakataa. Paro moja huuzwa kwa dola zipatazo 6,000, ambazo kwa viwango vya miaka ya karibuni ni kama shilingi milioni 15. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa hiyo bei ya kinda mmoja wa sili wa mashine ingemlipa mzee mmoja pensheni hiyo kwa miaka 62 na nusu. Katika nchi nzima sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watu wenye miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.5, yaani asilimia 5.6, lakini Tanzania Bara haijawa na pensheni ya aina hiyo kwa wote, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiacha familia iwe ndiyo nguzo ya matunzo. Familia hiyo sasa imetawanyika kutoka Mkwaja hadi Muscat, na kuitaja katika sera hakuirudishi nyumbani.

Kilichopo mkononi ni mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaokusudia kuwafunza na kuwalipa wahudumu 137,294 katika muda wa miaka mitano, wachaguliwe na vijiji na mitaa yao wenyewe. Mhudumu wa Mkwaja aliyefunzwa kutambua mtoto wa jicho, kupima usikivu kwa mnong'ono, kujua dalili za kupoteza kumbukumbu na kuendesha kikao kama vile vya Hai chini ya mwembe, akilipwa posho yake kwa wakati na kuwa na nauli ya kumvusha mgonjwa mto, angewafikia wazee wote wa kata hiyo kwa mwaka mzima kwa gharama iliyo chini ya bei ya Paro moja, na angefika akiwa mtu ambaye bibi anaweza kumuuliza ni mtoto wa nani.